Meza ya Watu Watano

Xiaobei, Guangzhou
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Kwako dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo dada. Goti vipi, bado linakusumbua ukiinuka kwenye mswala? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia usiipake kabla ya kuoga, paka wakati wa kulala na ufunge kitambaa. Shemeji kifua kimetulia? Watoto na wajukuu nawauliza wote mmoja mmoja, ingawa karatasi haitoshi kuwataja. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi, ila moyo umenijaa ndiyo maana nimekaa kuandika. Simu yako anaishika mjukuu wako Sarah, na nikikutumia sauti itasikilizwa na sebule nzima. Rashid wa mizigo anaruka kesho, atakuletea barua hii mkononi. Mwandiko utauvumilia.

Dada, nimeudhika. Kauthar hasemi nami tangu Jumapili. Anatoka hosteli yake asubuhi, analeta chai hapa gesti, anaiweka mezani, anasema shikamoo kwa kuwa hana budi, kisha anaangalia dirishani mpaka nimalize. Mtoto niliyemnyonyesha miaka miwili. Na ukiniuliza kosa langu, utaambiwa ni kukaribisha watu.

Nianze mwanzo usije ukapotea. Abdulrazak, yule kijana anayemtaka, unamjua kwa picha. Wazazi wake wamekuja kutoka Unguja kumtembelea, na wenyewe wakaona ni vizuri tuonane huku kwanza, ndipo wakija kwako mwezi wa mfungo tisa na posa yao tuwe tunajuana. Abdulrazak akasema tusikutane kwenye chumba tukatazamana kama tuko hospitali. Akatoa shauri twende bustani ya michezo, zile zenye mabembea makubwa na treni zinazopinduka hewani watu wakapiga mayowe kwa hiari yao. Siku mbili, tulale hoteli ya humo humo. Mimi nikaona ni jambo jema.

Fujo ikaja kwenye chakula. Kauthar alinijia Jumanne na simu yake, akaniambia huko ndani mgahawa wa halali ni mmoja tu, na wiki hii ni ya sikukuu yao, watu ni wengi kama siafu, kwa hiyo lazima tubuku meza mapema, tuseme tuko wangapi, tutafika saa ngapi, na kila mtu atakula nini. Nikamuuliza chakula cha Jumamosi nitakichaguaje Jumanne, najuaje Jumamosi tumbo langu litataka nini. Akasema mama, huku ndivyo wanavyofanya. Nikamwambia huku kwao, sisi si wa huku. Mimi nimepika miaka thelathini na sijawahi kumuuliza mtu atakuja na nani. Anayekuja anakula, na wakizidi unaongeza maji kwenye mchuzi na unawatuma watoto wakale jikoni. Akacheka, lakini kicheko cha kutaka yaishe.

Tena mama yake Abdulrazak alikuwa upande wa Kauthar. Alituma ujumbe kwamba yeye hupenda mambo yajulikane mapema, na mumewe, Mwalimu Othman, ana miguu ya kuvimba, hawezi kusimama kwenye foleni. Basi Abdulrazak akabuku. Watu watano, Jumamosi, saa sita na nusu. Wazazi wake wawili, wao wenyewe wawili, na mimi.

Sasa dada, hapa gesti ninapolala kuna Mama Sia, mwanamke wa Moshi anayesuka nywele, ana watoto wawili. Ndiye aliyenionyesha soko la Shahe nilipokuja, akanishika mkono kwenye treni ya chini kwa chini kama mtoto. Alhamisi ananisuka akaniuliza Jumamosi nitakuwa wapi. Nimwambie nakwenda kula halafu ninyamaze? Nikasema karibu, njoo na watoto. Jioni nikakutana na Abass, anayepakia makontena ya watu bandari ya Huangpu, yuko na mkewe, wamenisalimia vizuri, nikasema karibuni. Na Chepkoech, Mkenya anayelala chumba kimoja na Kauthar, huyo naye nimwache vipi wakati kila siku anakula mandazi yangu na kuniita mathe, yaani mama. Nikamwalika kwa ujumbe wa sauti, nikamwambia asimwambie mwenzake, itakuwa furaha ya ghafla. Wote walijilipia kiingilio chao, tena walipendeza. Abass alivaa kanzu.

Tulipofika mlangoni mwa ule mgahawa tulikuwa kumi na mmoja. Kauthar alipowaona wanakuja, Mama Sia mbele na watoto, akaniangalia, akanong'ona mama umefanya nini. Binti wa mlangoni akatuhesabu kwa kidole, moja mbili tatu, mpaka mtoto wa Mama Sia aliyekuwa mgongoni akahesabiwa. Kisha akatikisa kichwa akasema meyo, neno lao la kusema hakuna, ambalo huku unalisikia mpaka usingizini. Abass akatoka mbele kwa Kichina chake cha bandarini, laoban huku, laoban kule, maana ndivyo wanavyowaita mabosi. Laoban akatoka, mtu mpole, kofia nyeupe kichwani, akatutolea salamu kama Muislamu mwenzetu. Akasema watano waingie, sita wachukue namba wasubiri. Namba yenyewe ilikuwa ya themanini na kitu. Chepkoech akasema, "Mathe, hapa tutakula kesho."

Nilimwambia Abass amwambie laoban atuongezee viti tubanane. Akajibu kiti kiko, nafasi ya kukiweka hakuna. Nikasema basi watoto wapakatwe. Akasema chakula kimeshapimwa cha watu watano. Muislamu gani anapima chakula na wageni wamesimama kwenye jua? Mama Sia alinivuta pembeni akaniambia, "Mama Kauthar, nyie ingieni, sisi tutazunguka tu, watoto wenyewe wanataka bembea." Chepkoech naye akasema hivyo hivyo. Nikakataa. Nikasimama pale mlangoni nikasema siwezi kuketi nikala wageni wangu wako nje, tunaingia wote au hatuingii.

Kumbe na meza nayo ina muda. Wanaishika robo saa, ukichelewa inakwenda kwa mwingine. Tulipokuwa tunavutana, ikaingia familia ya Wachina sita, wamejibana kwenye viti vitano, wameanza kula, sisi tunawaona kwenye kioo. Hayo ya kujibana wao waliruhusiwa, lakini tuyaache.

Unajua tulikula nini? Mahindi ya kuchemsha. Ndicho kitu pekee tulichokuwa na hakika kwamba ni halali. Watu kumi na mmoja, tumekaa kwenye ukingo wa bustani ya maua, kila mmoja na gunzi lake. Mwalimu Othman miguu imemvimba mpaka viatu akavivua, na meno yake ya mbele si yake, akawa anayapukuchua mahindi kwa kidole moja moja. Abdulrazak alikuwa anamkatia na kisu kidogo. Abass alijaribu kutuchekesha, akasema tumetoka Afrika tumekuja China kula mahindi. Walicheka watoto tu.

Mama Abdulrazak alikuwa kakaa kando yangu. Mwanamke mtulivu, anafundisha chuo, hana makuu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana angekuwa nayo ningepata cha kumshika. Alipangusa mikono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bi Sihaba, hawa wote ni watu wazuri, lakini mimi nilikuja kukuona wewe." Basi. Siku iliyobaki kila upande ulikwenda na njia yake, na Jumapili kila mtu akarudi kwake.

Kauthar ndipo akanipasukia, kwenye gari, ananong'ona ili dereva asisikie, kama dereva anajua Kiswahili. Akasema nimemwaibisha, wale watu sasa wanaona kwetu hakuna mpango, na posa huenda isije. Nikamjibu posa ya kuvunjwa na kiti cha mgahawa si posa. Nikamwambia kama kukirimu watu ni aibu, basi aibu hiyo nimeirithi kwa mama yangu na yeye nitamrithisha. Nilisema mengi dada, na mpaka jana nilikuwa bado nayasema, peke yangu chumbani, nafua na kusema.

Lakini wewe ni dada yangu, na nikikuandikia uongo na wewe nitabaki na nani.

Haikuwa ukarimu. Ukarimu ulikuwepo, lakini haukuwa ndio. Unakumbuka mwezi wa nane Kauthar alipotuunganisha kwa video, mimi na mama Abdulrazak, mara ya kwanza? Tulizungumza vizuri, mpaka akaniuliza mimi nilisoma wapi. Aliuliza kwa wema. Mdomo ukaniponyoka, nikataja shule yako. Nikasema nilimaliza kidato cha nne pale. Nikamtaja na yule mwalimu wenu aliyekuwa akiwapiga kwa rula ya mbao, na wimbo mliokuwa mnaimba mkiwa mstarini, yote niliyokuwa nakusikia ukiyasimulia likizo, mimi nimekaa miguuni pa mama namkanda mgongo. Nilikuvua shule yako dada, nikaivaa mimi, mimi niliyeachia darasa la tano. Akafurahi sana. Akasema mdogo wake naye alisoma pale miaka hiyo hiyo, tukikaa mezani tutazungumza vizuri.

Tangu siku hiyo meza ile ikawa kama ya hakimu. Kila Kauthar akisema watu watano nilikuwa nawahesabu na kuona sina pa kujificha. Nikawaza tukiwa wengi kutakuwa na kelele, watoto watamwaga maji, Abass atasema mambo yake, na mama Abdulrazak hatapata nafasi ya kuniuliza mwaka gani na darasa la nani. Kwa hiyo niliwakaribisha wote. Na laoban aliposema watano waingie, Mama Sia akinisukuma ndani, mimi nilikuwa namshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba mlango umefungwa.

Jana mama Abdulrazak amenitumia sauti. Anasema amebuku meza hapa hapa Xiaobei, Ijumaa saa nane baada ya sala, ya watu wawili, yeye na mimi. Anauliza ninapenda samaki au kuku, ili aagize kabisa. Nimeisikiliza mara sita. Kauthar hajui, na simwambii kwanza.

Barua hii ikikufikia sijui kama mambo yatakuwa yamekwisha vizuri au vibaya, ila nimeiandika ili wewe ujue, nisipate njia ya kurudi nyuma. Nisamehe kwa hilo la shule. Mama Abdulrazak akikupigia kukuuliza habari zangu, usinifunike, mwambie kama ilivyokuwa. Nikishaifunga barua nitamjibu kwa sauti yangu mwenyewe, ujumbe mmoja tu: kwamba napenda samaki, na kwamba niliishia darasa la tano. Nataka ajue yote mawili leo, ili akitaka kuivunja meza awe na muda wa kuivunja.

Msalimie shemeji, mwambie asikae kwenye feni na kifua kile. Wabusu wajukuu wote, Sarah mwambie nimempatia viatu lakini asikuulize rangi. Niombee Ijumaa.

Ni mimi mdogo wako anayekuhitaji,

Sihaba