Miche ya Goweko Iliyonifanya Nikukumbuke

Mzee wangu Maganga,

Shikamoo. Wewe hukuwahi kuniitikia marahaba tu ukaishia hapo, lazima uongeze, "Mzaramo, pwani walikufukuza nini?" Nimemiss hata hilo.

Ofisi ipo. Bi Zuhura, karani wetu, bado anachemsha chai ya watu watatu, kisha anakumbuka, anamwaga kikombe chako nje kimya kimya. Mimi najifanya sijaona.

Nina habari. Ile kampuni ya tumbaku tunayoishauri mambo ya uongozi na mazingira ilileta ripoti yake ya mwaka. Ndani yake iliandikwa kwamba wakulima wote wa Goweko wamegawiwa miche ya miti ya kupanda, kufidia kuni za kukaushia tumbaku. Walitaka maoni ya wakili na sahihi yangu, wawapelekee wanunuzi wa nje. Fomu zote zilikuwepo, na dole gumba la kila mkulima. Nilishashika kalamu, Mzee. Ni mteja wetu mkubwa, na wewe hupo kunikinga.

Kisha nikatazama tarehe ya kugawa miche, kama ulivyonizoesha. Mwisho wa Aprili! Wewe ungecheka kwa hasira. Nani anagawa miche Tabora mvua ikishakata?

Nilivaa mabuti, nikaenda. Mama Kalunde, mkulima wa huko, alinipeleka nyuma ya jiko lake. Miche ilikuwa bado kwenye viriba vyake vya plastiki, imekauka yote. Akaniambia, "Mwanangu, tulisaini kwamba tumepokea. Hakuna aliyetuuliza kama imeota." Niliona aibu kana kwamba nimeigawa mimi.

Nikaingia kwenye kikao cha bodi ya kampuni. Mwenyekiti ni Mnyamwezi mwenzako, mkali, hapendi kukosolewa mbele za watu. Nikakumbuka kwamba huyu naye, kama wewe, ni mtani wa Mzaramo, na la mtani halikasirikiwi. Nikamwambia, "Babu zenu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka kwetu pwani, ikafika salama. Nyie mna malori, mche umewashinda kuufikisha shambani mvua ikiwepo?" Yeye mwenyewe akaangua kicheko mpaka akavua miwani. Hapo hapo, kabla hajairudisha, nikasema sitasaini.

Hakufurahi. Wiki nzima simu haikulia, na nilijua tumempoteza mteja. Jumatatu wakaleta ripoti mpya. Imeandikwa wazi kwamba miche ilichelewa na ikafa, na kwamba itagawiwa mingine mvua zikianza, na Mama Kalunde na wenzake ndio watakaokagua. Hiyo nimeisaini, nikaenda kulia chooni. Nilitaka sana uione.

Na kuna jambo linaniuma. Siku tunakuzika, watu walinisubiri mimi. Mtani wako ndiye alipaswa kuzuia jeneza, adai chochote, akuseme ulivyokuwa mchoyo wa karanga, watu wacheke kidogo katikati ya msiba. Nilisimama pale, mdomo ukagoma. Nililia kama mtoto, wakanishika mikono. Nisamehe, Mzee. Nilikupenda kupita utani.

Lala salama. Mvua za kwanza zikinyesha nitakuwa Goweko, nione kila mche ukiingia ardhini. Nikitoka huko nitapita kaburini kwako, nikuseme ipasavyo, na safari hii nitamaliza hata kama nalia.

Wako,
Mwanaidi