Chungwa Moja kwa Kila Sigara

Baba watoto,

Maharage yako kwenye sufuria ndogo, yapashe moto. Binti akirudi shule mwambie asifue, sabuni imeisha. Mlango wa nyuma ufunge vizuri.

Asubuhi nilikununia, najua umeona. Nilikuwa natafuta kisu, nikakuta pakiti ya sigara imefichwa chini ya machungwa. Nawe ukacheka! Eti kila ukivuta moja unakula chungwa, basi mapafu yanajiosha. Fundi bomba mzima wewe, umeshawahi kuosha bomba lenye kutu kwa maji ya machungwa? Nimemuuliza yule jirani yetu muuguzi, akasema matunda ni mazuri kwa mwili, tule, lakini hayafuti moshi. Cha kufanya ni kuacha.

Nimekwenda hospitali kuchukua majibu ya picha ya kifua. Ya kwangu. Kile kikohozi nilichokwambia ni vumbi la vitambaa kazini, wiki iliyopita daktari hakuridhika nacho. Akaniuliza kama navuta. Nikasema hata siku moja. Akauliza, na nyumbani je? Miaka kumi na minane nalala pembeni yako, na dirisha tunalifunga kwa ajili ya mbu.

Huenda si kitu. ~~Usiwe na wasiwasi.~~ Kuwa na wasiwasi kidogo, mume wangu, nimechoka kuwa nao peke yangu.

Nikirudi nikute madirisha yote wazi.

Usiyatafute machungwa. Nimeyabeba mimi.

Mama watoto