Kusoma kwa Sikio

Dagoretti Corner,
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Mwende,

Bwana asifiwe. Huku tuko salama, na mvua imeanza.

Ile riwaya ya mji unaoelea mawinguni sasa naisikiliza kwa simu nikipiga pasi kule kazini Kilimani. Mvuke unapanda, nami napanda nao kwa wale watu wenye mabawa. Ila huyu anayesoma hangoji mtu. Kwenye kitabu nilikuwa naweka kidole penye maneno matamu, nakaa hapo mpaka chai inapoa.

Kitabu nimekifunga kwa sababu ya macho. La kushoto lilizimika tangu Pasaka. Sikukuambia, sikutaka ulie huko ugenini. La kulia nalo linafifia. Nilimwambia daktari kwamba nalipumzisha, akacheka: “Mama, jicho si sabuni liishe kwa kutumiwa. Wewe soma tu!”

Labda ni kweli. Lakini hadithi inaweza kuniingia kwa sikio, Mwende. Uso wako hauwezi. Tafadhali omba likizo, uje kabla ya Krismasi.

Mungu akufunike kwa mkono wake,
Mama yako,
Ngina