Kitanda cha Springi na Pazia la Damari

Jumanne, 4 Machi 2025
Nimeonewa! Ezekiel, mwanangu wa kumzaa mwenyewe, amefunga baiskeli yangu kwa mnyororo. Eti nimeanguka nayo kwenye mpunga. Mara moja tu! Sawa, mbili. Haifunguliwi mpaka nifanye mazoezi ya pilatesi, nisimame kwa mguu mmoja bila kushika kitu. Mwanamume wa Kyela bila baiskeli ni nini? Mgomba! Nani atakwenda Ndandalo kumchokoza mzee mwenzangu Yakobo?

Na mwalimu ni Damari, mke wa huyo huyo Ezekiel. Kasomea Dar, kafungua chumba cha mazoezi mjini. Mkwe wangu! Tangu aolewe hatujaonana uso kwa uso, ndivyo tulivyolelewa Wanyakyusa. Nikitokea njiani anajitosa migombani. Leo aniinulishe miguu?

Ijumaa, 7 Machi
Wametundika pazia. Damari nyuma yake, mimi kwenye mashine, mjukuu wangu Nancy katikati anarusha maneno kama redio. Mashine yenyewe — kitanda cha magurudumu, springi chini, kamba za miguu. Ukisukuma kinaondoka, ukilegea kinakurudisha. Jeneza lenye haraka!

Pazia: mwambie babu avute pumzi. Nancy: babu, vuta pumzi. Nimesikia! Mwambie mama yako nimevuta tangu nizaliwe, bila mwalimu.

Jumanne, 11 Machi
Nancy kazama kwenye simu, nikategea. Miguu ikalala, nikawa natikisa kitanda kwa mkono. Pazia likasema springi hailii hivyo mtu akisukuma kwa miguu. Mchawi! Nimetoka bila hata ndaga, asante yetu.

Ila leo nimefunga kamba za viatu mwenyewe. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 14 Machi
Nancy ana malaria. Ningerudi — lakini baiskeli inaota kutu! Nikapanda mashine mwenyewe. Miguu kwenye kamba, juu, kama mbuzi wa Krismasi. Paja likakaza! Kushuka siwezi, kupiga kelele aibu. Pazia likakohoa. Nikalikoholea.

Nikafunika uso kwa kofia, nikaitangazia dari: mzee hayupo humu, kuna mguu tu.

Pete za pazia zikalia. Mikono ikashika unyayo, ikausukuma taratibu, maumivu yakaisha. Nilidhani ataondoka. Wapi! "Baba, mgongo uko hewani. Ushushe." Mkwe kunifokea! Nikaushusha. "Sasa simama. Mguu mmoja."

Nimesimama! Kofia usoni, gizani, nimesimama. Nimeshika kitenge chake — kidogo tu, pembeni.

Sasa ni jioni. Ezekiel yuko jikoni kwao, ukuta mmoja na chumba changu, anamuuliza mkewe: mzee alishika kitu au hakushika? Mpuuzi! Swali gani hilo? Akisema nilishika, ataulizwa kitenge kilifikaje mkononi mwangu. Akisema sikushika — Damari hajui kudanganya, ni mwimbaji wa kwaya.



Namsikia Damari anakohoa. Nami nimekohoa, kwa nguvu, ukutani.