Siku Mbili za Kumtafuta Mwandishi Hsieh Ting-kuo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi cha Wilaya, chumba namba 2
Jumatano, tarehe 27 Novemba 1996, saa tatu na robo asubuhi

Jina: Liao Pi-yun
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 49
Kazi: Mwenye duka la kukodisha vitabu
Makazi: Mtaa wa Soko la Zamani, mji wa Yunkeng
Mpokea maelezo: Sajini Yen Chih-hao

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba maelezo haya yanatakiwa ili ijulikane kama Hsieh Ting-kuo, mwandishi wa riwaya, alipotea kweli au alijificha kwa makusudi ili kitabu chake kiuzike. Kabla hatujaanza nimesema, na naomba iandikwe, kwamba mtu aliyekatwa mguu hakujificha. Sajini amesema tuanze mwanzo. Basi naanza mwanzo.

Nina duka Yunkeng tangu mwaka 1979. Ukuta wa kushoto ni vitabu vya safari na hatari: misitu, bahari, watu waliopotea jangwani. Ukuta wa kulia ni riwaya za kusisimua, za majasusi na wauaji, na hizo ndizo zinazotoka sana. Nyuma ya kaunta nina rafu moja fupi ya riwaya zinazohusu waandishi wenyewe. Hizo kwa mwaka mzima hazikodishwi na zaidi ya watu watano, na mmoja wao ni Hsieh. Mji mzima unamwita Mwalimu Hsieh, ingawa hajawahi kufundisha. Ana miaka 66, alifiwa na mkewe, hana mtoto, anaishi peke yake juu ya duka la dawa mkabala na duka langu. Ameandika riwaya thelathini na moja. Tunaonana kila asubuhi. Si ndugu yangu, na hakuna lingine kati yetu. Nimeulizwa hilo mara tatu wiki hii.

Lazima nitaje mambo ya mwezi Machi, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitokana nayo. Bwana Kao, mtu wa mauzo katika kampuni ya mji wa Taichung inayomchapishia vitabu, alimpeleka Mwalimu kwenye nyumba ya wageni yenye maji ya moto, akamwambia apumzike siku tatu. Kisha akaenda polisi kusema mwandishi hajulikani alipo. Askari wa Yunkeng na wazima moto walizunguka msituni siku mbili kwenye mvua. Walimkuta Mwalimu anakula tambi, kavaa kandambili za pale, hana habari ya lolote. Kao alisema alichanganya tarehe. Aliyekwenda kituoni kuinama mbele ya kila askari na kuomba radhi ni Mwalimu. Nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyebeba kikapu cha machungwa.

Mnamo tarehe 19 Novemba, Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Mwalimu Hsieh aliingia dukani. Alivaa koti la mvua la manjano, ana mwavuli mweusi na mkoba wa turubai. Alirudisha vitabu viwili, kisha akanionyesha barua. Ilitoka kwa Mzee Lo Chin-shui, mkata magogo mstaafu wa kijiji cha juu. Katika riwaya ya Mwalimu iitwayo *Daraja la Wachukua Magogo*, shujaa anavuka daraja la kamba za chuma akikimbia, kambeba mwenzake mgongoni. Mzee Lo aliwahi kufanya kazi kwenye daraja hilo hilo.

"Ameniandikia kurasa nne," Mwalimu alisema. "Anasema shujaa wangu angekuwa maiti kwenye ubao wa kumi."

Nilimwambia, "Si hadithi tu, Mwalimu? Nani atakwenda kuhesabu mbao?"

"Huyu amehesabu."

Nilimwambia mvua inakuja, atafute mtu wa kwenda naye. Alisema kitabu kinachapwa upya mwezi ujao na anataka kusahihisha kabla hakijaenda mtamboni. Akaahidi kurudi kabla ya saa kumi jioni. Nilimpa maandazi mawili ya mvuke, akapanda basi la saa moja na nusu.

Saa kumi hakurudi. Basi la mwisho kutoka juu liliingia saa kumi na moja na nusu, nikaenda kulingojea. Dereva alisema alimshusha asubuhi penye njia ya magogo, karibu na lango la msitu, na hakumwona tena.

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, siku hiyo hiyo ya tarehe 19, nilifika kituo cha polisi cha Yunkeng. Naomba saa hiyo iandikwe kwa maneno, si kwa tarakimu. Zamu ilikuwa ya Koplo Tu Ming-che. Koplo Tu ni mteja wangu, anapenda riwaya za majasusi.

Aliponiona tu alisema, "Dada Liao, safari hii anakula tambi wapi?"

"Koplo, amekwenda darajani tangu asubuhi. Mvua inanyesha."

"Kitabu kipya kinatoka lini?"

"Mwezi ujao, lakini hiki si..."

"Haya basi. Machi nililala wiki nzima na homa kwa ajili ya mzee huyo. Mwache auze kitabu chake."

Nilimwomba aandike kwenye daftari la matukio. Alishika kalamu na nilimwona akiandika. Juzi nimeonyeshwa daftari hilo. Ukurasa wa tarehe 19 una taarifa ya mbwa aliyemng'ata muuza samaki, na hakuna kingine. Sijui alikuwa anaandika nini. Huenda alikuwa anachora.

Jumatano tarehe 20, saa mbili na nusu asubuhi, nilimpigia simu Kao kule Taichung. Hakuna aliyeniuliza habari za simu hiyo. Naieleza mwenyewe.

Nilimwambia, "Kao, niambie ukweli. Mmemficha wapi tena?"

"Mama Liao, mimi sijui lolote. Kwani kapotea?"

Sauti yake ilibadilika alipotamka neno hilo. Hapo nilipaswa kukata simu. Lakini nilitaka mtu mmoja tu anisikilize mpaka mwisho, nikamweleza yote: barua, daraja, saa aliyoondoka. Akaniuliza kavaa nini. Nikamwambia koti la manjano. Akashukuru.

Saa nne nilifika kwa pikipiki yangu kwenye lango la msitu, kilomita kumi na moja kutoka mjini. Daraja liko ndani ya lango hilo, mbele sana. Mlinzi alisema hawezi kunifungulia bila barua ya polisi. Alitazama kitabu cha wageni, jina la Mwalimu hakuliona. Mlinzi anafika kazini saa mbili na Mwalimu alipita kabla ya hapo, kwenye mwanya wa watembea kwa miguu. Nilirudi kituoni. Koplo Tu alisema hawezi kuandika barua mpaka aone jina kwenye kitabu cha lango. Nilirudi langoni kumwomba mlinzi walau anipe maandishi kwamba huwa hayupo kabla ya saa mbili. Alisema akiandika hivyo atafukuzwa kazi. Nilirudi kituoni. Mvua ilikuwa haijakatika. Nilimwambia Koplo Tu, "Wewe unamtaka yeye, yeye anakutaka wewe. Mimi niende kwa nani?" Alisema niende nyumbani nikabadilishe nguo.

Nilibadilisha nguo na kurudi kituoni saa kumi na nusu jioni. Gazeti la jioni lilikuwa limeshafika kwa basi. Koplo Tu alilikunjua juu ya meza na kunigeuzia.

"Soma mwenyewe," alisema. "Mwandishi atoweka tena. Je, safari hii atarudi? Wameweka na picha ya kitabu. Na koti la manjano limo."

Nilisoma. Lilikuwa tangazo la kampuni ya Kao. Barua, daraja, saa, vyote vilikuwa maneno yangu ya asubuhi, yamepangwa vizuri. Askari mwingine aliyekuwepo, simjui jina, alisema, "Mama, kampuni wanakulipa pesa ngapi kwa kulia?" Nilikuwa silii. Ilikuwa mvua. Nilitoka.

Usiku huo sina la kueleza. Nilikaa.

Alhamisi tarehe 21, saa kumi na mbili asubuhi, nilifika kwa Mzee Lo kijiji cha juu. Ana miaka 74. Nilimkuta akiwapa kuku chakula. Nilipomweleza, alisimama na bakuli mkononi.

"Alikuja? Kwa barua yangu ile?"

"Kwa barua yako."

"Nilimwandikia kwa kumtania. Nilidhani atanijibu kwa barua."

Hakuuliza kibali wala lango. Alichukua kamba, panga na chupa ya maji ya moto, tukaingia kwa njia ya zamani ya reli ya magogo, ambayo haipiti langoni. Tulitembea zaidi ya saa nne. Njia nzima hakusema ila kunionyesha pa kukanyaga.

Saa nne na dakika arobaini tulifika darajani. Ubao mmoja ulikuwa umevunjika, na chini, kama mita saba, mwavuli mweusi ulikuwa umenasa kwenye mianzi. Tuliita. Tulichosikia ni jiwe likigongwa kwenye jiwe. Mzee Lo alifunga kamba akateremka, nami nikamfuata. Mwalimu Hsieh alikuwa amekaa majini mpaka kiunoni, mguu wa kushoto umebanwa katikati ya mawe mawili chini ya goti. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Alimtazama Mzee Lo.

"Wewe ndiye Bwana Lo?"

"Ndiye mimi."

"Si ubao wa kumi. Ni wa kumi na nne."

"Nyamaza," Mzee Lo alisema, "unapoteza joto." Alikuwa anachimba changarawe kwa vidole vyake na machozi yanamtoka.

Tulitoa jiwe moja, mguu ukatoka. Tulimvuta mpaka pakavu, tukamvisha koti langu. Alituambia kwamba Jumatano alipata matumaini sana. Alisikia pikipiki ikipanda na kushuka, upande wa pili wa bonde, mara nne, akapiga kelele kila mara mpaka sauti ikakauka. Alidhani ni askari wanaomtafuta. Ilikuwa pikipiki yangu. Sikumwambia wakati ule.

Mzee Lo alibaki naye. Mimi nilifuata barabara ya magogo mpaka langoni. Mlinzi aliponiona natokea ndani aliniuliza kibali changu kiko wapi. Nilipita nikaenda kwenye simu yake nikapiga mwenyewe. Wazima moto walifika darajani saa saba na dakika tano mchana. Polisi walifika baada yao.

Ijumaa tarehe 22 hospitalini walimkata mguu wa kushoto chini ya goti. Nilimuuliza daktari kama ungepona endapo angeletwa Jumatano. Alisema maswali ya namna hiyo hayamsaidii mtu. Nilimuuliza tena. Alikwenda kwa mgonjwa mwingine.

Jumamosi Kao alikuja wodini na kikapu cha matunda na mpiga picha. Alisema kitabu kimeagizwa chapa ya tatu na kwamba wasomaji wanataka kumwona Mwalimu. Nilimsukuma kifuani mpaka nje nikafunga mlango. Akitaka kunishtaki kwa hilo, ninakiri, na duka langu analijua.

Jumapili tarehe 24, saa nane mchana, nilimwambia Mwalimu Hsieh kuhusu simu niliyompigia Kao, na kuhusu pikipiki. Akasema, "Ulikuwa unanitafuta." Akaniomba nimsomee tangazo la gazetini. Nilimsomea. Akasema nirudie pale penye koti. Nikarudia. Akasema, "Leo niache nilale."

Tangu siku hiyo nakwenda kila jioni. Mzee Lo naye huja, na akiwapo wanabishana juu ya mbao na misumari mpaka muuguzi anawakemea, na Mwalimu anamwita Mzee Lo mwongo. Nikiingia mimi anajiweka sawa kitandani, anauliza duka linaendeleaje, anashukuru kwa supu. Miaka kumi na saba hajawahi kunishukuru kwa kitu chochote. Alikuwa akinigombeza kwa kupanga rafu vibaya. Upole huu sijauzoea, na sijui niufanyeje.

Sajini ameniuliza kama nina malalamiko dhidi ya mtu yeyote. Nataka taarifa yangu ya tarehe 19 iingizwe kwenye daftari la Yunkeng, hata kama ni leo, hata kama ni chini ya yule mbwa. La Kao waamue wenye sheria. La kwangu nimeshalisema.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, sikufundishwa na mtu, na sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi: Liao Pi-yun

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa maelezo yake yote kwa sauti. Mwanzoni alikataa kutia sahihi kwa sababu juu ya fomu palikuwa pameshachapwa maneno "taarifa ya kwanza ilitolewa tarehe 21." Nimeyakata kwa mstari na kuandika kando: "tarehe 19, saa kumi na mbili kasorobo jioni, kwa mujibu wa shahidi." Shahidi aliomba "kwa mujibu wa shahidi" yafutwe pia. Nimemweleza kwamba hilo siwezi. Aliyasoma tena maneno hayo, kisha akatia sahihi. Tumemaliza saa tano na dakika hamsini.

Sajini Yen Chih-hao