Fundi Saa Aliyefungiwa Stoo ya Makumbusho: Maelezo ya Mama Pacha

MAELEZO YA SHAHIDI

Anafahamika kwa jina la: Mama Pacha
Umri: miaka 34
Kazi: fundi cherehani
Makazi: mji mdogo ulio mwendo wa siku nzima kwa basi, kwa sasa amefikia nyumba ya wageni nyuma ya stendi kuu

Nimeelezwa kwamba natakiwa kusema kweli tupu, nami nasema kwa hiari yangu, bila kulazimishwa wala kuahidiwa kitu.

Nilizaa watoto wawili siku moja, wa kike na wa kiume. Wa kike ana miaka saba, ndiye niliyekuja naye hapa kituoni. Wa kiume alifariki mwaka jana kwa homa ya uti wa mgongo. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo ulikuwa haumkai. Dada yake ni mkimya. Zamani Chiriku alikuwa akimsemea hata njaa. Tangu msiba ule watu wanasita kuniita Mama Pacha. Mimi jina sijalikataa.

Mume wangu ni dereva wa lori. Alipopata likizo alisema tusikae nyumbani kutazamana, tumlete mtoto jijini aone makumbusho.

Mnamo tarehe 11, siku ya Jumatatu, tulikwenda makumbusho ya reli, upande wa pili wa jiji. Tulishinda huko tangu asubuhi hadi wanafunga, maana baba watoto akishalipa kiingilio lazima aone hadi ufagio. Alisoma kila kibao kwa sauti, utadhani analipwa. Mtoto alipandishwa kwenye kichwa cha treni akavuta kamba ya honi. Nayasema haya kwa sababu nimeulizwa zaidi ya mara moja kama siku hiyo mtoto wangu alikuwa makumbusho ya jiji, akichezea komeo la stoo. Hakuwapo. Makumbusho ya jiji hufungwa Jumatatu, na sisi hata mtaa wake tulikuwa hatuujui.

Kuna jambo moja la siku hiyo. Tulikaa ndani ya behewa la zamani kupumzika, mtoto akasema, "Mama, Chiriku hajaja huku." Nilidhani ananikumbusha tu kwamba ndugu yake hayupo. Nikamjibu kwamba ndiyo, hajaja. Baba yake akainuka akaenda kusoma kibao kingine.

Jumanne tarehe 12, kama saa nne asubuhi, tuliingia makumbusho ya jiji. Ni jengo la zamani, sakafu ya mbao inalia ukiikanyaga. Chumba cha mbele kina vyombo vya nyumbani: pasi za mkaa, vinu, taa za chemli. Kulikuwa na cherehani ya mkono, ndugu moja na ile niliyojifunzia kazi. Nikamwambia mume wangu kumbe na mimi ni kitu cha makumbusho, bado kuwekewa kioo tu. Akacheka, nami nikacheka. Tulikuwa hatujacheka pamoja muda mrefu. Nilipogeuka, mtoto hayupo.

Sikupiga kelele. Aliyekwisha kuzika mtoto hapigi kelele upesi, anakauka. Mume wangu alikimbilia mlango wa kutokea, mimi nikaingia vyumba vya ndani. Kimoja ni cha saa za ukutani, zimejaa toka juu hadi chini, zote zimesimama. Nyuma ya chumba hicho kuna ngazi ya kushuka chini, imezuiwa kwa kamba. Hapo nikasikia mtoto wangu anaongea. Afande, mtoto yule ukimsalimia hujificha nyuma ya gauni langu. Lakini alikuwa anaongea, ananyamaza kusikiliza, anaongea tena. Nikaivuka kamba nikashuka.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mwisho, mbele ya mlango wa chuma, peke yake. Nikamuuliza anaongea na nani.

Akasema, "Chiriku. Anasema tufungue."

Nilimshika mkono nimpandishe juu, akang'ang'ania ukingo wa ngazi.

"Mama, usiniondoe. Anasema babu ameacha kumjibu."

Sijui kwa nini sikumbeba nikaondoka. Niliweka sikio kwenye mlango. Ulikuwa wa baridi, na ndani kimya. Nikabisha. Nikabisha tena kwa ngumi. Ndipo kitu kikagonga kutoka ndani, hafifu, kama kijiko kwenye kikombe.

Nilimwita mume wangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Komeo la nje lilikuwa limeangukia kwenye pete yake na kukwama kwa kutu. Aling'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani akaligonga nao hadi likaachia. Dada wa tiketi alishuka akitukemea kwamba wageni hawaruhusiwi huku. Alipoona ndani akaketi chini palepale.

Mzee mmoja alikuwa amelala ubavu katikati ya makasha, mguu umevimba, midomo imepasuka. Dada wa tiketi alisema ndiye fundi saa wao, na kwamba walidhani amesafiri kwa binti yake. Nilimpa maji kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo. Mume wangu akambeba mgongoni. Mtoto wangu hakumwangalia mzee hata kidogo. Alikuwa anaangalia pembe ya stoo, juu ya makasha, na kabla hatujapanda alipunga mkono.

Jana tarehe 13 alasiri tulikwenda hospitali kumjulia hali. Mzee alitueleza kwamba Jumapili jioni alishuka kutafuta springi ya saa. Upepo ukabamiza mlango, akasikia komeo linaanguka. Alijikwaa gizani akaumia mguu. Ni mgonjwa wa kisukari. Jumatatu alianza kuzidiwa na usingizi, na alijua usingizi ule si wa kuamka. Hapo ndipo mtoto wa kiume alipoanza kumwongelesha.

Alisema mtoto huyo alimuuliza saa inajuaje muda. Alimuuliza meno yake ya mbele yalikwenda wapi. Alimsimulia kwamba mama yake hubana pini mdomoni na bado anaweza kugombeza, na kwamba baba yake hukoroma hadi lori linaona wivu. Kila mzee aliposinzia, mtoto alimwambia, "Babu, hujamaliza kuniambia." Mzee akamwomba aende akaite mtu mzima.

Mtoto akamjibu, "Mimi siwezi. Dada yangu anakuja kesho. Yeye hasemi sana, lakini anasikia."

Hatukuwa tumemwambia mzee kwamba tulikuwa na mtoto wa kiume. Nilimtazama mume wangu, akatikisa kichwa, kisha akageukia ukuta.

Msimamizi wa makumbusho anasema sauti aliyoisikia mzee ni ya binti yangu, na kwamba ndiye aliyeshusha komeo. Nimeshajibu Jumatatu tulikuwa wapi, na Jumapili jioni tulikuwa bado ndani ya basi. Walinzi wa makumbusho ya reli wanatukumbuka. Mume wangu hasahauliki kirahisi.

Mimi nilimuuliza mzee swali moja tu. Mwanangu siku zake za mwisho hakuweza kutoa hata neno, na mimi nilikaa naye nikisubiri aseme lolote. Kwa hiyo nilimuuliza kama sauti ile ilikuwa ya mtoto mgonjwa.

Akasema, "Hapana, mwanangu. Alikuwa ananichosha."

Sina ugomvi na mtu. Ninachoomba ni lile komeo ling'olewe. Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo. Sikuongeza, na sitapunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi, akakiri ni sahihi. Nilimshauri kwamba mahali alipoeleza habari za sauti tuandike kuwa mzee aliota kwa sababu ya ugonjwa. Shahidi alikataa. Nimeacha kama alivyosema.