Vitambaa vya Viti vya Nyuma

Bombambili, Songea

Kwako mdogo wangu Romwaldi,

Mama anakusalimu. Mimi salamu zangu zimenikwama kooni, utanisamehe.

Huku mvua zimeanza, na nguruwe wa jirani yetu Baba Careen amezaa tena. Mama amehamisha banda la kuku ili gari lako lipate pa kulala.

Picha uliyonitumia nimeiona. Gari jekundu, limeinama kama linatafuta sindano iliyopotea! Ulituambia ni bei ya kutupa kwa sababu limeshatumika Japani. Hukusema kwamba ushuru wa bandarini unazidi bei yenyewe. Mama akauza mahindi yote ya mwaka ili ulitoe, maana ulimwahidi gari la kumpeleka kliniki na kanisani. Sasa nakuuliza, hilo gari la mashindano unakimbizana na nani? Mitaro ya huku kwetu litaivukaje? Sisi tunanunua unga wa kupima dukani, wewe unangurumisha gari Dar es Salaam!

Na usinieleze habari za injini. Injini hailiwi.

Picha sijamwonyesha Mama. Tangu Jumapili anafuma vitambaa vyeupe vya kutandika kwenye viti vya nyuma, na jana kaniuliza viti hivyo vina upana gani. Hilo gari lina viti viwili tu, Romwaldi, vyote vya mbele. Mpigie simu umwambie mwenyewe.

Dada yako,
Ekaristia